Kifaransa cha Ufagio na Sufuria

Neno la Kifaransa lililofungua maisha yangu ya kazi lilinipandisha juu ya meza. Nilikuwa na miaka kumi na saba, Walikale, asubuhi yangu ya kwanza katika nyumba ya masista. Sista mmoja mzee alipita jikoni, akatazama chini, akauliza: “Où est la serpillière?” Shuleni nilifika darasa la tano tu, lakini neno “serpent” nililijua vizuri, kwa kuwa kwetu msituni mwalimu hana haja ya kurudia somo la nyoka mara mbili. Sista anatafuta nyoka, tena anamtafuta karibu na miguu yangu! Niliruka juu ya meza na sufuria mkononi.

Mpishi wa nyumba ile, Mama Apolina, hakucheka. Alikwenda nyuma ya mlango, akaleta kitambaa kizito kilicholowa maji, akakitandaza sakafuni mbele yangu.

“Huyu njo nyoka yako,” akasema, yaani huyu ndiye. “Inaitwa serpillière. Inakula matope tu. Shuka, mutoto, uikamate.”

Nikashuka, nikaikamata, nikapangusa jiko lote. Sijaiachia mpaka mwaka huu.

Nyinyi mliobaki kituoni Karuba mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Vyeo nitaviruka. Vile nilivyopata vilikuja na funguo nyingi kuliko heshima. Nitaandika juu ya watu na vitu, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyonifundisha.

Mama Apolina alikuwa binti wa mwindaji, mnene, mwenye sauti ya chini kama ngoma iliyofunikwa nguo. Shule hakuingia hata siku moja, lakini Kifaransa chake cha nyumba hakikuwa na tundu. Alikuwa na sheria moja: kitu ambacho huwezi kukitaja, hupewi. Siku tatu za kwanza nilikula kwenye jani la mgomba kwa sababu sikujua kusema “assiette”. Siku ya nne nikalisema, nikapewa sahani, nikafurahi sana, kisha nikagundua kwamba kijiko nacho kina jina. “Cuillère” lilinichukua mpaka Jumapili. Ugali haukunisumbua, una vidole vyake. Supu ndiyo iliyonitesa.

Vitenzi alinifundisha kwa maji. Nilipofua, nilipaswa kusema kwa sauti: je lave, je rince, j'essore. Nafua, nasuuza, nakamua. Kisha alikuja kuibana nguo kwa vidole viwili. Tone moja likianguka, alisema kitenzi kile bado sijakijua, nianze upya. Mimi leo nikisema “essorer”, misuli ya mikono yangu inaitika kabla ya mdomo.

Nilikaa naye miaka sita. Nilipoolewa na fundi mwashi wa Karuba, Masisi, aliyekuja kujenga ukuta wa masista, Mama Apolina alinipa ufagio mpya na ushauri mmoja: “Kule Masisi iko baridi. Usisuuze na maji ya moto, utazoea vibaya.”

Baridi ilikuwa kweli. Mimi mtoto wa msitu, niliyezoea joto la kunata, nilifika kwenye vilima ambako ng'ombe wanatoa moshi puani asubuhi. Watu wa bwana yangu walinipokea kwa maziwa, na nilikunywa kikombe kimoja kwa adabu na cha pili kwa kupenda. Mwaka wa pili nikasikia kwamba kituo cha akina mama kinatafuta mtu wa kufundisha kazi za nyumbani kwa Kifaransa. Wanawake wengi walitaka kufanya kazi katika nyumba na hoteli za Sake na Goma. Kufua walijua. Kufagia walijua. Lakini mwenye nyumba akiwaambia kwa Kifaransa, walisimama tu, na mwenye nyumba akadhani ni wavivu.

Mkurugenzi wa kituo aliniuliza diploma. Sikuwa nayo. Basi akaniambia nitaje vitu vyote vya ofisi yake. Nikavitaja, kuanzia étagère, rafu ya madaftari, mpaka poignée, kitasa cha mlango, na nilipofika kwenye rideau nikaongeza kwamba pazia lenyewe linahitaji kufuliwa. Akalitazama pazia, akanitazama mimi. Nikaanza kazi Jumatatu, na kazi ya kwanza ikawa lile pazia.

Siku yangu ya kwanza darasani ilikuwa mbaya. Kulikuwa na wanawake kumi na wanne, mabenchi, ubao, na picha kubwa ya nyumba ya Ulaya ukutani. Nikaanza kutaja kwa fimbo, nikafika kwenye mashine yenye pua ndefu, imeandikwa “aspirateur”.

“Mwalimu, hii ni munyama?” mama mmoja akauliza.

Sikuwahi kuiona machoni. Nikasema ni ufagio unaokunywa vumbi. Wakaniangalia kwa huruma. Kesho yake nikaikunja ile picha, nikamwambia kila mmoja alete kitu kimoja cha nyumbani kwake. Wakaja na beseni, ungo, chujio la maziwa, pasi ya makaa, kinu. Kuanzia hapo darasa likawa na kelele, na kelele ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Kwa pasi ya makaa nawaachia mambo mawili tu. Ipunge nje ya mlango mpaka majivu yatoke, usiipunge juu ya shati jeupe. Na kabla ya kugusa nguo, iguse kwa tone la maji. Ikilia kwa sauti kali, ngoja kidogo. Niliunguza kola moja ya padre mwaka wa kwanza, na padre akaivaa hivyo hivyo misa nzima, akinitazama.

Sasa nifike kwa Papa Matayo, maana najua mnamngojea yeye.

Alikuwa mfugaji. Zamani alikuwa na ng'ombe arobaini na wawili, wote wa baba yake na babu yake. Wakati wa kukimbia vita ng'ombe walipotea wote, na aliporudi kilimani na mke wake, Mama Estera, na watoto watatu, alirudi na fimbo tu. Alijaribu kubeba mizigo kwenye machimbo ya Rubaya, akarudi baada ya mwezi mmoja, amekonda, anakohoa. Basi akawa anabeba maziwa ya ng'ombe wa watu wengine, kwa miguu, na kila asubuhi alileta bidoni moja, dumu la plastiki, kituoni kwetu.

Nilianza kuona kwamba maziwa yanafika mapema zaidi, na mwenye kuyaleta anaondoka amechelewa zaidi. Asubuhi moja niliinua chujio mbele ya darasa, nikauliza linaitwaje. Wote wakatazama dari, hata Riziki, aliyekuwa na mdomo kuliko wote. Ndipo sauti ikatoka dirishani:

“Passoire, Mwalimu.”

Sote tukageuka. Papa Matayo alikuwa amesimama nje, kofia mkononi.

“Papa, umejifunza wapi?” nikamuuliza.

“Hapa hapa dirishani. Tangu juma la pili.”

“Juu ya nini haukubisha hodi?”

“Niliona ni banamuke tu ndani. Niliogopa.”

“Ng'ombe dume hazikuogopeshe, sisi njo tunakuogopesha?” akasema Riziki, na darasa likacheka. Lakini nilipomwambia Papa Matayo aingie, Riziki hakucheka tena. “Mwalimu, huyu akiingia, mimi sitafua nguo za ndani mbele yake.”

“Hata mimi sikuje juu ya kuziangalia, Mama,” akajibu Papa Matayo, bila kutabasamu hata kidogo.

Karatasi ya kanuni ya kituo ilisema mafunzo ni kwa ajili ya akina mama na wasichana. Niliisoma mara tatu. Haikusema mahali popote kwamba mwanaume hawezi kukaa mlangoni. Nikaweka benchi, nusu ndani na nusu nje, na Papa Matayo akakaa kwenye nusu ya nje. Mvua ilipoanza kunyesha, benchi likasogea lenyewe. Mkurugenzi alipita, akaona, akaamua kutazama mahali pengine. Namshukuru mpaka leo.

Wenzake kilimani walimcheka. Walimwita Mama Matayo. Nilijua inamuuma, kwa sababu siku zile alifagia kwa nguvu sana. Jambo nililoliogopa zaidi lilikuwa mke wake, na kweli, juma lake la tatu mlangoni, Mama Estera akafika kituoni amejifunga kitenge kwa nguvu, kama mtu anayekuja kugombana.

“Mwalimu, iko kweli bwana yangu anasukula masahani hapa?”

“Iko kweli, Mama. Anaziosha.”

“Kwa mikono yake?”

“Na sabuni.”

Akatazama mlima. “Miaka kumi na ine niko naye. Hajasukula hata kikombe.” Kisha akanigeukia. “Basi mumufundishe mpaka mwisho. Ila mazoezi, afanyie kwangu.”

Kwa hiyo Papa Matayo akawa anafanya mazoezi mara mbili kwa siku. Mikono yake ilijifunza haraka. Mfugaji anajua usafi, kwani chombo cha maziwa kikiwa na harufu kidogo tu, maziwa yote yanakwenda. Taabu ilikuwa maneno. Kuandika hakuweza vizuri, na wenzake walikuwa na madaftari. Asubuhi alijua “torchon”, kitambaa cha vyombo, mchana limekimbia. “Épousseter”, kupangusa vumbi, lilimtoka mdomoni kila siku kwa sura mpya. Nilimwona anakonda kwa sababu ya kitenzi kimoja, nikaanza kujiuliza kama sikumdanganya mtu mzima kwa kumwita ndani.

Saa ya kumaliza, siku moja, nilimkuta amesimama katikati ya darasa, macho yamefungwa, midomo inacheza.

“Papa, uko nafanya nini?”

“Niko naingiza.”

“Unaingiza nini?”

“Maneno. Ng'ombe zangu sikuziandika hata siku moja, Mwalimu. Mangaribi nilisimama pa mulango ya zizi, zinaingia moja moja, na ile haijarudi niliijua bila kuhesabu. Sasa balai imeingia. Seau imeingia. Éponge imeingia. Drap imeingia.” Ufagio, ndoo, sponji na shuka zilikuwa zizini. Akakunja uso. “Kuna moja iko inje.”

Akafungua macho, akatembea polepole kuzunguka chumba, akitazama kila pembe kama mtu anayetafuta ndama majanini. Akafika kwenye kabati, akapitisha kidole juu yake, akakitazama kidole chenye vumbi.

“Épousseter!” akapiga kelele. “Huyu mujinga! Njo huyu!”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Toka siku ile hakupoteza maneno tena, na baada ya siku chache nikamwona Riziki naye amesimama mlangoni macho yamefungwa. Nilijifanya sikuona.

Kisha habari ikaja kutoka Sake. Mama mmoja, Mama Jeanne, alikuwa ametengeneza upya nyumba kubwa ya wageni iliyokaa tupu muda mrefu. Wageni wa kwanza walikuwa wanafika Jumamosi, wote wasemaji wa Kifaransa, na alitaka mtu mmoja wa vyumba. Mmoja tu. Aliomba kituo kimpelekee wawili achague. Nilimpeleka Riziki, kwa sababu alikuwa wa kwanza darasani. Na nilimpeleka Papa Matayo, kwa sababu Mama Estera alikuja kunisimamia tena na kile kitenge.

Tuliteremka Sake sisi watatu. Njiani Riziki alisema Kifaransa mpaka na mbuzi. Papa Matayo hakufungua mdomo.

Riziki ndiye aliyeanza. Mama Jeanne alikuwa mwanamke wa haraka, anayesema huku anatembea, na Riziki alimjibu huku anatembea. Alitandika kitanda, akakunja kona za shuka kama bahasha, akaeleza kwa nini foronya inageuziwa mdomo wake ukutani. Nilijivuna kana kwamba nimemzaa.

Zamu ya Papa Matayo ilipofika, Mama Jeanne alikuwa amechoka, akayatupa maagizo yote mara moja: “Changez les draps, époussetez l'armoire, rincez les verres, videz la poubelle et fermez les volets.” Abadilishe shuka, apanguse kabati, asuuze bilauri, amwage takataka, afunge yale madirisha ya mbao.

Papa Matayo alisimama. Akafunga macho.

Mama Jeanne akanigeukia. “Analala?”

“Hapana, Mama. Anaingiza,” nikasema.

Akafungua macho. “Madame, cinq?”

“Oui,” akasema Mama Jeanne kwa mshangao. “Cinq.” Ndiyo, matano.

Akaanza. Hakuwa na haraka ya Riziki, lakini hakurudi nyuma mara hata moja. Tulikaa barazani tukisikia maji, bilauri, na nyayo. Mwishowe akaja, akasimama wima mbele ya Mama Jeanne.

“Les draps, oui. L'armoire, oui. Les verres, oui. La poubelle, oui.” Akaonyesha dirisha. “Les volets, non.”

“Comment, non?” Mama Jeanne akataka kujua kwa nini.

Akanitazama mimi. “Mwalimu, umuambie...”

Hapo nilifanya jambo gumu kuliko yote niliyofanya kazini. Nilitaka kumsaidia, ulimi ulikuwa tayari. Nikasema: “Hapana, Papa. Sema mwenyewe.”

Papa Matayo akatazama sakafu, akatazama dirisha, akatafuta katika maneno yote aliyokuwa nayo, maneno ya nyumba tu, maana mengine sikumfundisha.

“Madame,” akaanza, “dans le volet... il y a une petite maison.” Akakusanya mikono yake kama kikombe. “La mère est dedans.”

Ndani ya dirisha kuna nyumba ndogo, na mama yuko ndani.

Mama Jeanne alisimama, akaingia chumbani. Tukamfuata sote. Kati ya ubao wa dirisha la kushoto na ukuta kulikuwa na kiota, na ndege mdogo wa kijivu amelalia mayai yake, anatutazama kwa jicho moja. Dirisha lingefungwa, lingewaponda wote.

Mama Jeanne alianza kucheka, kwanza kidogo, kisha kwa mabega yote. “Basi huyu njo mugeni wa kwanza,” akasema. “Musimusumbue.” Kisha akanivuta kando. “Ule mama anajua Kifaransa kumupita. Lakini huyu anaangalia. Atabaki.”

Papa Matayo hakuruka wala kupiga kelele. Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Kisha akaniomba nimfundishe neno moja la mwisho, namna ya kusema kiota. “Nid,” nikamwambia. Akasikitika. “Neno fupi vile,” akasema, “na mimi nilizunguka nyumba nzima.”

Riziki alipanda mlima mbele yetu mpaka Karuba bila kugeuka nyuma. Majuma mawili hakunisalimia, na sikumlaumu, kwani alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Nilitafuta maneno ya kumfariji katika lugha zote nilizo nazo, sikupata. Halafu malaria ikanilaza. Siku ya nne niliinuka na kujikokota mpaka kituoni, nikidhani darasa limefungwa, nikasikia sauti tangu barabarani. Riziki alikuwa mbele ya ubao na beseni kichwani, akiuliza: “Nani ananiambia hii ni nini? Asiyejua hapati sabuni!” Na hakuna aliyetazama dari. Nikarudi nyumbani, nikaongeza siku mbili za ugonjwa ambazo sikuwa nazo.

Alibaki hapo. Kwanza msaidizi, kisha mwalimu, na sasa funguo zote zile ziko kwake. Riziki, najua wewe ndiye unayewasomea wengine haya kwa sauti. Usiruke mstari huu: wewe ni mwalimu kunipita mimi, nami nililijua siku ile ya beseni. Ila raclette ya kukokotea maji sakafuni irudi kwenye msumari wake kila jioni. Nimepita juzi, nimeikuta chini.

Mwezi uliopita nilikuwa nakwenda Goma kwa mjukuu wangu, mvua ikaharibu barabara, nikakwama Sake. Papa Matayo alinikuta kwenye soko nimekalia mfuko wangu, akaubeba bila kuniuliza. Ameota mvi sasa. Ana ng'ombe wawili Karuba, Mama Estera anawachunga, na yeye anaongoza watu wanne katika nyumba ile. Alinipa chumba cha mbele. Mama Jeanne alisema mwalimu wa nyumba halipi.

Asubuhi niliamka, na kabla sijafikiri mikono ilikuwa imeshaanza kuvua shuka. Papa Matayo alikuwa mlangoni na shuka safi begani na kikombe cha chai mkononi.

“Mama Mwalimu,” akasema, “laissez. Acha. Ukae.”

Nikakaa kwenye kiti kando ya dirisha, kikombe cha chai juu ya magoti. Sikumbuki kama niliwahi kukaa hivyo, kukiwa kweupe, na kazi iko mbele yangu. Alitandika polepole, akiimba kwa sauti ya chini, akalainisha foronya kwa kiganja. Kona moja ya shuka aliikunja vibaya kidogo, upande wa ukuta.

Niliiona. Nikaiacha, nikanywa chai yangu.